Guzheng, guqin au koto: tazama vidaraja kabla hujatuma pesa

Mnunuzi wa Mtwara au Lindi anayetaka ala ya nyuzi ya Kichina hununua kwa macho, tena kwa picha ya kwenye simu. Anatumiwa picha na wakala wa Kariakoo au anakutana na tangazo mtandaoni, analipa, kisha anasubiri meli. Akiletewa ala siyo, imeshakuwa yake. Na kuletewa siyo ni rahisi, maana wauzaji huweka ala sita au saba tofauti chini ya jina moja, "kinubi cha Kichina", mara nyingine "kanuni ya Kichina", ilhali kinubi hakimo kabisa. Zote ni za ukoo wa kanuni tunayoisikia kwenye taarabu, au nanga ya Wahaya kule Kagera: nyuzi zimelazwa juu ya mbao kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na shingo hakuna.

Hukumu tunaitanguliza. Kwa kwaya, shule au mwanafunzi anayeanza, nunua guzheng, ala ya Kichina yenye kidaraja chini ya kila uzi, ya nyuzi 21 na urefu wa kama sentimita 163. Guqin, ya Kichina pia, ni ala ya mtu mmoja kwenye chumba kimya. Feni ikizunguka kwa kasi inaifunika. Koto ya Japani ni ala nzuri, lakini nyuzi zake na vifaa vyake havitoki katika viwanda vile vya guzheng, kwa hiyo utakuwa na njia mbili za kuagiza vipuri badala ya moja. Vile vidogo vya nyuzi 10 au 12 vinavyotangazwa kama "guzheng ya safari" tungeviacha: nyimbo zilizoandikwa kwa nyuzi 21 hazitoshei humo, na mwanafunzi atalazimika kununua mara ya pili.

Sasa kutambua. Wengi huanza kwa kuhesabu nyuzi, na ndipo wanapopotea, kwa sababu guzheng zenyewe zipo za nyuzi 16, 21, hata 25. Anza na vidaraja. Tazama katikati ya ala: je, chini ya kila uzi kuna kidaraja chake kinachosimama peke yake, bila gundi wala skrubu? Kama vipo, uko kwenye ukoo wa guzheng, wenye koto ya Japani, gayageum ya Korea, dan tranh ya Vietnam na se ya kale ya China ndani yake. Kama hakuna kidaraja hata kimoja na nyuzi ni 7, hiyo ni guqin, huhitaji kuuliza zaidi. Kama madaraja ni vipande virefu, kila kimoja kimebeba nyuzi nyingi, na ubavu mmoja wa ala ni mrefu kuliko wa pili, umeonyeshwa yangqin. Yangqin kwa umbo inafanana na kanuni kuliko hizi nyingine zote, lakini haidonolewi: hupigwa kwa vijiti viwili vyembamba vya mianzi. Mpiga kanuni anayeagiza yangqin akidhani risha zake zitafanya kazi atajuta.

Ukishajua kwamba ni ukoo wa vidaraja, hamia mwisho wa kulia, upande wa mkono unaodonoa. Guzheng ya kisasa ina kisanduku chenye kifuniko upande huo, na ndani yake skrubu 21 za kukazia zinazozungushwa kwa spana ndogo. Mwisho wa kushoto, ubao unaonyanyua nyuzi umejipinda kwa umbo la S. Vitu hivyo viwili vikiwa pamoja, hiyo ni guzheng. Koto haina kisanduku hicho wala mpindo wa S. Nyuzi zake ni 13, zote za unene mmoja, na hufungwa kwa mafundo yaliyokazwa sana, hivyo mpigaji hutyuni, yaani huweka nyuzi kwenye sauti zake, kwa kusogeza vidaraja tu. Urefu wake ni kama sentimita 180, yaani inamzidi guzheng, na kucha zake huvaliwa kwenye vidole 3 kwa pete. Gayageum ya asili ina nyuzi 12 za hariri, na mwisho wa kushoto unaning'inia vitanzi vinene vya kamba. Mpigaji wake hutumia vidole vitupu. Dan tranh ni fupi, yapata sentimita 110, imechongoka upande mmoja, nyuzi zake 16 au 17 ni za chuma, na sauti yake ni kali na nyembamba. Mtu akikuuzia dan tranh kwa jina la "guzheng ya mtoto", urefu na mchongoko huo vitamuumbua.

Se tuiseme kwa ufupi. Ilikuwa na nyuzi 25, na iliyopatikana mwaka 1972 katika kaburi la Mawangdui, Changsha, ndiyo inayoigwa sana. Zinazouzwa leo ni nakala za makumbusho na za vikundi vya muziki wa kale. Mwanafunzi hana kazi nayo.

Na kuna mtego mmoja unaotuhusu sisi wa pwani. Taishokoto, ile yenye vitufe kama vya mashine ya kuchapa iliyoingia katika taarabu ya Mombasa, ilibuniwa Japani mwaka 1912 na ilisambaa sana India. Katika matangazo mara nyingi hufupishwa kuwa "koto", kwa bei ndogo inayovutia. Ukiona vitufe, si koto. Ni ala safi kwa kazi yake, lakini mwalimu wa guzheng hawezi kukufundishia.

Mwaka wa kukumbuka unapoonyeshwa "guzheng ya kale" ni 1961. Guzheng ya nyuzi 21 yenye mpindo wa S ilitoka kwenye karakana za Shanghai wakati huo, kazi ya fundi Xu Zhengao pamoja na mpigaji Wang Xunzhi. Kabla yake ala iliyokuwa imeenea ni ya nyuzi 16. Anayekuambia guzheng yake ya nyuzi 21 ni ya enzi za wafalme anakuuzia hadithi.

Kuhusu ubora wa guzheng, tazama ubao wa juu kabla ya kitu kingine. Unatakiwa kuwa mti wa paulonia, mwepesi na laini, na sehemu kubwa ya mbao hizo hutoka wilaya ya Lankao, jimbo la Henan. Mwambie muuzaji apige simu ya video, ageuze ala na kuelekeza kamera kwenye ukingo wa tundu la sauti lililo chini. Ukiona tabaka tabaka, hilo bao la chini ni plaiwudi, na kwenye ala ya bei ya chini si ajabu. Lakini ubao wa juu ukiwa na tabaka, achana nao. Kisha kamera ishuke usawa wa ubao, itazame kutoka mwisho mmoja. Ubao kunyanyuka kidogo katikati ndivyo ulivyotengenezwa. Kubonyea kwenye mstari wa vidaraja ndiyo hatari: ubao umeshindwa kubeba mvuto wa nyuzi, na hautarudi.

Mbao za ubavuni ndizo zinazopandisha bei kwa kelele nyingi. Utaambiwa ni mti wa thamani wa jamii ya Dalbergia, jamii ileile ya mpingo wa misitu ya Kilwa na Nachingwea. Ni mbao nzuri kweli, na zinaipa ala uzito na sura. Sauti lakini huzaliwa kwenye paulonia, hivyo kati ya guzheng yenye ubavu wa fahari na ubao wa juu wa kawaida, na ile yenye ubavu wa kawaida na ubao wa juu mzuri, chukua ya pili. Kwa wanaoogopa forodha: jamii yote ya Dalbergia iliingizwa katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, Januari 2017, lakini ala za muziki zilizokamilika ziliondolewa kwenye masharti hayo Novemba 2019. Chapa ya Dunhuang kutoka Shanghai ndiyo inayojulikana zaidi, na namba yake 694KK hupendekezwa sana kwa wanaojifunza. Kwa sababu inajulikana, inaigwa pia. Bei ikiwa nusu ya wengine, hiyo ni ya kuiga.

Guzheng hufika vidaraja vikiwa kwenye mfuko na nyuzi zimelegea. Hapo ndipo ala nyingi mpya huharibiwa, na si na meli. Vidaraja hupangwa kwa ukubwa, vidogo upande wa nyuzi nyembamba zilizo karibu na mpigaji. Anza na uzi wa 21, ule mnene wa mbali, ukielekea kwa wa 1, ukivipanga kwa mshazari. Nyanyua uzi kwa kidole, ingiza kidaraja, hakikisha miguu yake yote miwili imelala kwenye ubao. Pitisha kipande cha karatasi chini ya mguu. Ikipenya, uzi huo utazizima, yaani utatoa mkwaruzo badala ya sauti safi. Usikaze skrubu yoyote kabla vidaraja vyote havijasimama, kwa sababu kimoja kikianguka uzi uliokazwa huvuta jirani zake.

Kutyuni ni kwa D: uzi wa 21 ni D2, uzi wa 1 ni D6, na kati yao noti 5 zinajirudia, D, E, F-shapu, A, B. Nyuzi za kijani, yaani wa 3, 8, 13 na 18, zote ni A. Tumia programu ya simu inayoonyesha namba ya oktavu pembeni ya herufi. Programu nyingi za bure huonyesha herufi tu, na anayeanza huona "D" bila kujua ni ya oktavu ipi. Akidhani yuko chini, anaendelea kukaza akitafuta D ya juu isiyo ya uzi huo mpaka unakatika. Kaza kwa spana robo mzunguko kila mara hadi ukaribie noti, kisha maliza kwa kusogeza kidaraja: kulia sauti inapanda, kushoto inashuka. Uzi mpya hulegea kwa siku kadhaa, kwa hiyo kutyuni kila siku wiki ya kwanza si dalili ya ubovu.

Hapa watu wa kwaya wana bahati ambayo hawajaambiwa. Muziki wa guzheng huandikwa kwa tarakimu, 1 2 3 5 6, na hizo ni do, re, mi, so, la. Mwanakwaya wa Masasi au Ndanda aliyezoea kusoma solfa ataanza kuimba karatasi ya guzheng siku ileile. Fa na ti hazina nyuzi zake. Fa hupatikana kwa kubonyeza uzi wa mi upande wa kushoto wa kidaraja, nusu toni. Ti kwa kubonyeza uzi wa la, toni nzima. Vidole vya mkono wa kushoto huuma mwanzoni, na sikio ndilo linaloamua umebonyeza vya kutosha au la. Ukitaka kupiga katika G, sogeza vidaraja vya F-shapu zote hadi ziwe G, mengine yaache.

Kucha za kudonolea ni 4 za mkono wa kulia: gumba, shahada, kati na pete. Hubandikwa kwa plasta ya kitambaa. Plasta ya plastiki huteleza kwa jasho letu ndani ya nusu saa, hivyo nunua ya kitambaa kwenye duka la dawa na uzungushe raundi mbili, bila kukaza hadi ncha ya kidole ibadilike rangi.

Sasa guqin, ambayo inahitaji jicho la aina nyingine. Ni ubao wa sentimita 120 hadi 125, mweusi au wa kahawia iliyokolea, nyuzi 7, na kando ya uzi mnene zimepachikwa nukta 13 za gamba la chaza zinazoonyesha mahali pa kugusa. Upande wa kulia chini kuna vigingi 7 vyenye mashada yanayoning'inia; karibu na katikati, miguu miwili ambayo nyuzi hufungiwa, 4 kwenye mmoja na 3 kwenye mwingine. Haina kucha za kubandika. Nyuzi zake kwa kawaida hutyuniwa so, la, do, re, mi, so, la, na sauti yake ni ya chini, ndefu, yenye kuteleza. Kabla ya kulipa, sikiliza rekodi ya mpiga guqin Guan Pinghu iliyowekwa kwenye sahani ya dhahabu ya chombo cha anga cha Voyager mwaka 1977. Kama ukimya wa kipande kile unakuchosha, nunua guzheng.

Unacholipia kwenye guqin ni rangi, na rangi hiyo ina habari kwa watu wa korosho. Guqin nzuri hupakwa utomvu wa mti wa laki wa Asia, ukichanganywa na unga wa pembe za kulungu, tabaka juu ya tabaka. Mti huo ni wa familia moja na mkorosho. Aliyebangua korosho kwa mkono huko Newala anajua mafuta ya ganda yanavyobabua ngozi. Guqin ambayo utomvu wake haujakomaa huwasha kwa namna hiyohiyo, vipele vikitokea vidoleni na kwenye mikono. Ikifika inanuka uchachu, iache nje ya kasha mahali penye kivuli na hewa kwa wiki kadhaa kabla ya kuigusa kwa ngozi tupu. Halafu kuna guqin za bei ya chini zilizopakwa rangi iliyotengenezwa kwa mafuta ya ganda la korosho yenyewe. Hukauka upesi, ni nafuu, na kwa ala ya kujifunzia hatuna ugomvi nayo. Ugomvi ni pale inapouzwa kwa bei ya utomvu wa laki. Muulize muuzaji moja kwa moja ni rangi gani, na jibu liwe kwa maandishi. Aina ya tatu, rangi ya kiwandani ya fanicha bila unga wa pembe chini yake, tunaikataa: mkono wa kushoto huteleza juu ya ubao huo kila siku, nyuzi zikachimba mifereji, na baada ya hapo kila noti inazizima.

Kuzizima ndilo pigo la guqin. Mtake muuzaji abonyeze kila uzi na kuteleza polepole kutoka nukta ya 7 hadi ya 13, video moja bila kukata. Ukisikia mkwaruzo sehemu yoyote, ubao una kinundu au shimo mahali hapo, na dawa yake ni kusugua na kupaka upya, kazi ya fundi wa guqin. Nyuzi za hariri zina sauti ya kupendeza, lakini hewa yenye unyevu huzibadilisha sauti mara kwa mara. Kwa Mtwara, Mikindani, Kilwa na Lindi mjini chagua za stili zilizovishwa nailoni. Kigingi kikiteleza, kipake chaki kidogo.

Nyuzi za guzheng nazo ni stili iliyovishwa nailoni, na kutu huanza ndani ya kisanduku cha skrubu, mahali ambapo nailoni inaishia na macho hayafiki. Fungua kifuniko kila mwezi. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, kwa sababu jasho na hewa ya bahari ni chumvi juu ya chumvi. Mvua za Desemba hadi Aprili ubao hunywa unyevu na kuvimba, nyuzi zinapanda sauti. Kiangazi unasinyaa na zinashuka. Hilo ni la kawaida. Lisilo la kawaida ni kuihamisha ala kila siku kati ya chumba chenye kiyoyozi na veranda: viungo vya gundi huachia na ubao hupasuka. Kipima unyevu kidogo kikisoma kati ya asilimia 45 na 65, lala usingizi. Kikizidi 70 kwa wiki nzima, weka pakiti za kukausha unyevu ndani ya mfuko wa ala na uinyanyue kutoka sakafuni.

Agiza nyuzi za akiba pamoja na ala, seti moja kamili na mbilimbili za uzi wa 1 hadi wa 5, maana nyembamba ndizo zinazokatika. Kasha la guzheng la sentimita 175 kwa 45 kwa 30 ni kama mita za ujazo 0.24, la guqin, 135 kwa 30 kwa 22, ni 0.09. Mawakala wengi wa meli hutoza kwa ujazo, kwa hiyo ukubwa wa kasha uulize kabla ya bei ya ala. Liwe la mbao au la boksi gumu lenye sponji pande zote. Mfuko wa kitambaa pekee hautoshi. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 500 za barabara, na buti la basi lina joto na mizigo ya watu wengine. Kasha lilazwe chini, kitu kisiwekwe juu yake, na maneno hayo yaandikwe kwa kalamu nene ubavuni mwa kasha, maana mpakiaji hasomi risiti. Stendi, piga picha kasha pande zote 6 kabla ya kusaini. Kona ikiwa imebonyea, fungua palepale, geuza ala, na uangalie kwanza mahali ubao wa juu unapoungana na ubavu.